Mapipa Arobaini ya Yanonge

“Boti inatoka saa sita mchana,” mwenzake wa kazi, Kasongo, alinguruma redioni. “Uko na dakika kumi na mbili.”

Viviane alikata kona na pikipiki yake ya TVS, akamkosakosa muuza mboga ya pondu, akazidisha mwendo.

Wiki nzima jasusi huyu wa serikali alikodolea macho dashibodi ya mfuko wa uwekezaji wa mjomba wake, Cyprien. Familia mia tatu za wavuvi zilikuwa zimeweka akiba humo, na mama yake pia. Kahawa, kijani, yaani faida. Mbao, kijani. Usafiri wa mto, kijani tupu. Wataalamu wa Kinshasa walipiga makofi, wajinga wale, wala hakuna aliyefungua chati ya mafuta.

Boti ya Cyprien ilichoma mapipa arobaini ya mafuta kushuka Yanonge. Kupanda kurudi Kisangani, sita.

Mto haujawahi kufanya hivyo. Ukishuka, maji yenyewe yanakusukuma.

Basi mapipa hayakuwa na mafuta.

Gatini, Cyprien alikuwa amesimama botini kando ya injini ya Yamaha. Ndiye aliyemlipia Viviane masomo hadi chuo kikuu.

“Mutoto wangu. Alors?”

“Tonton, mu ile mapipa muko nini?”

“Mazout tu, mafuta ya boti.”

Viviane akaruka botini, akachomoa bastola yake ya Glock, akalipiga risasi pipa la karibu. Halikuvuja hata tone. Akalipindua kwa teke, kifuniko kikaruka, zikamwagika bunduki zilizofungwa nailoni. Waasi walikuwa wakizingojea Yanonge.

“Akiba ya batu yote iko mu hii mizigo,” Cyprien alisema taratibu. “Ikifika, kesho ninalipa kila mutu. Ukiikamata, mama yako anapoteza yote. Donc, fikiri.”

Alifikiri. Alimpenda mzee huyu, na roho ilimuuma kweli.

Cyprien akanyakua kamba ya kuwashia injini.

Risasi ya Viviane ikampata gotini.

“Kasongo, kamata yote,” Viviane alisema redioni.

“Na pesa ya bavuvi?”

“Imekwisha.”

Askari wa kambi ya Kapalata wakaruka botini. Walimburuta Cyprien kwa mguu ule ule, akilia jina la dada yake. Viviane hakuwazuia.

Simu yake ikaita. Mama.

“Viviane, fundi amekwisha kubomoa paa ya zamani. Pesa ya Cyprien inatoka kesho, si ndiyo?”

“Hapana, mama.”

Akakata simu, akapanda TVS, akaenda kutafuta chakula cha mchana.