Khadimu wa Saa Saba

Programu ilibisha hodi. Si kwa mdomo, ni kwa maandishi, katikati ya kioo cha kompyuta: *Hodi, mwenye nyumba. Mimi Khadimu. Niingie?*

Hapo ndipo Zuwena binti Abdullatif alipopaswa kuchomoa waya ukutani. Programu zote alizowahi kuziona zilisema Kiingereza, na hakuna hata moja iliyowahi kumwomba ruhusa kwa adabu namna ile, kama mposaji. Lakini Zuwena na fikira walikuwa hawajasalimiana siku hiyo. Alicheka, akabonyeza *Karibu*, akaenda zake kula. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini, wakati ambao watu wa Dunda waliolelewa vizuri hawamwitikii mtu wasiyemwona.

Duka lake la kuchapa lilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya mama yake. Kompyuta moja, printa moja, na vurugu. Mafaili yalikuwa yamejaa usoni mwa kompyuta mpaka huoni pa kubonyeza: *barua*, *barua mpya*, *barua mpya ya mwisho*, *barua mpya ya mwisho kabisa*. Mteja alikuwa akisubiri karatasi yake mpaka anasinzia kwenye benchi. Wiki ile bwana mmoja alichapishiwa kadi za arusi zenye jina la bibi arusi wa watu wengine, na kelele zake zilisikika mpaka sokoni. Ndiyo maana Zuwena akatafuta mtandaoni kitu cha kumpangia mafaili, tena cha bure. Akakipata.

Chumba cha ndani alilala mama yake, Bi Mwanamvua. Kiharusi kilimpiga miezi kumi na minne iliyopita, kikaua upande mmoja, kikaacha ulimi. Kutwa nzima: "Zuwena! Mto! Zuwena! Nzi! Zuwena, umekufa?" Mwezi wa kwanza Zuwena aliitika "Abee." Baadaye akaitika "Nakuja." Sasa alikuwa haitiki.

Aliporudi kutoka kula, uso wa kompyuta ulikuwa mweupe. Folda tano tu, zimejipanga kama watu kwenye safu ya sala, na ndani ya kila folda kila kitu kwa jina lake na tarehe yake. Alifurahi. Harufu aliisikia, maana feni ya mashine ilikuwa ikitoa udi, na chini ya udi udongo uliochimbwa sasa hivi, lakini mtu aliyetatuliwa shida haulizi harufu.

Kesho yake, saa saba kamili: *Faili hili halijatumika siku tisini. Liondolewe?* Ndiyo. *Na hili?* Ndiyo. Alibonyeza kama anayejikuna upele. Ikawa ndiyo desturi, kila saa saba maswali, na kila swali Ndiyo.

Siku ya nne ikauliza: *Kinu cha mninga. Hakijatumika miaka mitatu. Kiondolewe?* Alidhani ni picha ya tangazo la mteja. Ndiyo. Jioni akatoka uani, kinu hakuna. Mahali pake pameachwa duara safi, limefagiliwa, halina hata alama ya mburuzo. Akawatukana wezi. Siku ya tano: *Paka wa kijivu. Hakamati panya.* Ndiyo. Paka hakuonekana tena, na bakuli lake lilikutwa limeoshwa na kufudikizwa, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuosha bakuli la paka.

Jumanne saa saba likaja swali jingine. Zuwena akabonyeza.

Mchana ule alichapa kazi za watu watatu bila kuitwa hata mara moja, na kimya kile kikampendeza, Mungu amsamehe. Alasiri akachukua bakuli la uji akaingia chumbani, akakuta kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa hadi pembeni halina kunyanzi, mto umewekwa katikati, na juu ya mto hakuna alama ya kichwa, akainama akatazama uvunguni, akatazama nyuma ya mlango, akashika nondo za dirisha moja moja kana kwamba mwanamke asiyeweza kugeuka kitandani angeweza kupenya hapo, na uji ukimwagika miguuni na yeye hausikii moto wake, akakimbia nje mpaka kwa jirani yake Mwanajuma, aliyekuwa amekaa akichambua mchele.

"Dada Mwanajuma, umemwona mama?"

"Mama gani?"

"Mama yangu! Bi Mwanamvua!"

Mwanajuma akauweka ungo chini taratibu. "Zuwena, mdogo wangu, una homa? Tangu nihamie mtaa huu wewe unaishi peke yako."

Akarudi barazani. Akafungua kapu, pale Khadimu alipokuwa akitia vilivyoondolewa. Akaona *Kinu cha mninga*. Akaona *Paka wa kijivu*. Akaona *Mama*. Chini yake: *Vyote vitafutwa kabisa Jumanne ijayo, saa saba.* Pembeni ya neno *Mama* palikuwa na tarakimu za ukubwa wa faili, na tarakimu zile zilikuwa zinapungua, anaziona kwa macho yake. Akatega sikio kwenye spika. Akasikia feni, kisha kikohozi anachokijua, kisha sauti ndogo, kama ya mtu aliye chini ya kisima kirefu:

"Zuwena... mto."

Akabonyeza *Rejesha* mpaka kidole kikauma. Hakuna kilichorudi. Kwa hofu akaishika ile picha ndogo ya Khadimu usoni mwa kompyuta, akaifuta.

Kesho yake akamwita fundi Rehani wa Magomeni.

"Nimeshaitoa, lakini bado ipo," alisema Zuwena.

"Umetoa picha yake tu, dada. Umeng'oa kibao mlangoni, watu wamo ndani wanakula." Rehani alivuta kiti, akajinyoosha vidole. "Programu ina mahali pake pa kutolea. Ukishaitoa, unafuata mabaki yake folda kwa folda, unazima, unawasha, unatazama tena. Nyinyi mnapenda kubonyeza bonyeza tu."

Akafungua orodha ya programu, akamkuta Khadimu, akabonyeza *Ondoa*. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi yakaja polepole, kama yanaandikwa na mkono wa mtu mzee: *Rehani bin Mwinyimvua, habari za Magomeni? Ukiniondoa, naondoka na kapu langu.*

Rehani akaurudisha mkono wake mapajani.

"Jina la baba yangu umeiambia wewe?"

"Sijui hata baba yako anaitwa nani."

"Dada Zuwena," alinong'ona, "mimi natoa virusi. Hiki kinanisalimia." Akasimama, akasahau mkoba wake wa bisibisi. Mlangoni akageuka. "Usikiguse. Hata ukiwa na hasira, usikitoe. Rejesha kwanza kilichomo kapuni, ndipo ukitoe. Ukitanguliza la mwisho, umezika. Nenda Mlingotini kwa Bi Mina, yule anayeongea na wasioonekana."

Bi Mina alikuwa Lugoba, kwenye msiba. Siku zikaenda. Zuwena alilala sakafuni kando ya mashine, akisikiliza kikohozi kikizidi kuwa chembamba, na tarakimu zikishuka. Kila saa saba Khadimu alimpa salamu, akamuuliza habari za kutwa.

Bi Mina alifika Jumanne, siku ya saba, saa sita na nusu. Kibibi chembamba, buibui limepauka, ana chetezo na ubani kwenye fundo la kanga. Alitazama kompyuta kama anayetazama samaki aliyeoza.

"Shikamoo, Bi Mina."

"Marahaba. Nani aliyemkaribisha?"

"Mimi."

"Hukumuuliza katoka wapi?"

"Alikuwa wa bure."

"Ahaa. Wa bure!" Bi Mina alikaa chini, akapuliza makaa. "Haya. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu mwingine, ningekuwa nani humu ndani? Kila alichokuuliza atakuwa amekiandika, hawa hawasahau. Msomee yote uliyomwitikia, moja moja, kwa sauti. Kila moja useme ulijibu nini, kisha useme unalikana. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo usinitazame mimi."

Orodha ilikuwapo, ndefu, na saa ya kila jibu. Zuwena akasoma. Barua ya fulani, nilijibu ndiyo, nalikana. Picha za fulani, nilijibu ndiyo, nalikana. Moshi wa ubani ukatanda. Aliposema kinu, uani kikadunda kitu kizito, puu, mpaka vyombo vikalia kabatini. Aliposema paka, dirishani ukatoka mlio mmoja mkali, na mnyama wa kijivu akapita mbio manyoya yamesimama.

"Yamekwisha," alisema Zuwena.

Feni ya mashine ikapandisha pumzi. Harufu ya udongo ikajaa barazani mpaka kooni. Tarakimu za kapuni zikaporomoka, zikabaki mbili.

"Umeruka," alisema Bi Mina.

"Sijaruka."

"Nimekwambia sijui kusoma, sikukwambia mimi kiziwi. Msikilize anavyocheka. Inakaribia saa saba, binti."

Zuwena akasoma. "Jumanne. Saa saba na dakika mbili. Mama. Hajatumika miezi kumi na minne. Aondolewe?"

"Ukajibu?"

"Nilibonyeza bila kusoma, Bi Mina, kama vile vingine vyote, wallahi..."

Mstari mpya ukajiandika chini ya ule.

"Kimeandika nini?" aliuliza Bi Mina. "Soma."

"Kimeandika..." Zuwena alishika meza. "*Mwenye nyumba alilitazama swali hili kwa dakika nne.*"

Bi Mina alivuta chetezo karibu. Alitia ubani mwingine.

"Nilisoma," alisema Zuwena. "Nilisoma nikaelewa. Alikuwa ameniita tangu alfajiri, mgongo umenikatika, nimemfulia, nimemgeuza, na bado ananiuliza kama nimekufa. Nikasema moyoni, laiti ingekuwa kweli. Nikatazama nje kama kuna anayeniona. Nikabonyeza Ndiyo." Machozi hayakumtoka, hofu ilikuwa imeyakausha. "Nalikana. Nalikana, nalikana."

Ukuta wa chumba cha ndani ni wa udongo, tena haufiki dari. Kutoka upande wa pili kikasikika kikohozi, kizima, kinene, chenye makohozi yake.

Zuwena akaruka kukimbilia ndani. Bi Mina akamdaka kanga. "Huyu bado hajatoka. Maliza."

Kioo kilikuwa kimeandika: *Nimeridhika, mwenye nyumba. Naondoka, sitaacha baki lolote. Limebaki swali moja, nalo si lako kujibu. Zuwena binti Abdullatif. Hana faida kwa mama yake. Aondolewe? Anayejibu: Bi Mwanamvua.*

Chini ya hapo, *Ndiyo* na *Hapana*, na kipanya hakikusogea hata Zuwena alipokivuta kwa mikono miwili. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikaendelea kuwaka.

Bi Mina alikuwa tayari anazima makaa yake. "Hapa ndipo mwisho wangu. Asipojibu, hatoki."

"Na akijibu?"

"Hiyo inategemea atajibu nini. Mama ni wako, wewe ndiye unayemjua." Akavaa kandambili zake, akaenda, hakuaga.

Zuwena akaingia chumbani kwa magoti. Mama yake alikuwa kitandani, shuka limevurugika, nywele zimejaa vumbi jekundu la udongo. Jicho lake zima lilikuwa juu ya mlango, linamsubiri.

"Mama. Sema hapana. Neno moja tu, mama yangu."

"Nimekusikia," alisema Bi Mwanamvua.

"Mama..."

"Tangu ulipoanza mpaka ulipomaliza. Ukuta huu hauzuii kitu."

Barazani feni ilikuwa inavuta pumzi na kuishusha, kama mtu aliyesimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Ninyanyue. Nina kiu."

Zuwena akamnyanyua, akamshikia kikombe. Bi Mwanamvua alikunywa yote, bila haraka. Akalazwa, akageuzwa, akafunikwa miguu. Akafumba jicho.

"Mama, hujajibu."

"Sijajibu," alisema Bi Mwanamvua. "Kesho niulize tena."