Kidonge cha Pili

Dobi mmoja alifanyia kazi nyumbani kwake. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kupigia pasi, mabeseni, na kamba ya kutundikia mashati. Watu walimwita Chapchap, kwa sababu nguo ukimpelekea asubuhi, jioni unavaa. Jina hilo alilipenda.

Asubuhi aliinjika chai, akakimbilia kwenye pasi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mdomo unaongea na mteja, mkono unanyoosha kola, macho yako kwenye saa. Mume wake alikuwa fundi wa funguo. Yeye aliaga akiwa ameshatoka nje. Chumba cha nyuma alikaa mama yake mume, bibi mwenye presha ya kupanda. Kila asubuhi Chapchap alimpelekea kidonge chake.

Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Siku moja chai ilikuwa na chumvi. Siku nyingine shati la mteja mmoja lilikwenda kwa mteja mwingine. Simu ikapatikana chini ya nguo chafu. Funguo za nyumba zikapatikana ndani ya friji, pembeni ya nyanya.

"Mke wa fundi wa funguo anapoteza funguo," mume alisema. "Watu wakisikia, nani ataniletea kufuli?"

Chapchap hakucheka. "Mimi sikuziweka pale. Niziweke kwenye friji zifanye nini? Kuna mtu anaingia humu ndani."

Mume alifikiri, akaona afadhali kuwa na hakika. Akabadilisha kitasa cha mlango. Kesho yake pasi ilikutwa inawaka juu ya meza, shuka la mteja limeungua, na chumbani hakuna mtu. Kitasa kipya kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa.

"Mwizi gani anaingia kuwasha pasi?" mume aliuliza.

Chapchap alishusha sauti. "Usinielewe vibaya, mume wangu. Nadhani ni mama. Umri umeenda. Jana nimempa kidonge, ananiambia ameshakunywa. Juzi vilevile. Anachanganya siku."

"Mama? Mama ananikumbusha jino langu la kwanza liling'oka nikiwa nakula nini."

"Mambo ya zamani wanayakumbuka. Ya leo ndiyo yanawatoroka."

Mume alikuna kichwa. Hakujua aamini nini. Alikwenda kumchungulia mama yake, akamkuta anakunja nguo zake taratibu, kila moja mahali pake. Akarudi amechanganyikiwa zaidi.

Asubuhi moja kishindo kilisikika nyuma. Walimkuta bibi sakafuni, mkono umeshika mguu wa kitanda.

"Nyumba inazunguka," alisema kwa sauti ndogo. "Isimamisheni."

Walikodi gari wakampeleka kliniki. Nesi alimlaza, akampima presha, akapima tena. Uso wake ulibadilika.

"Imeshuka sana," alisema. "Bibi, dawa ya presha unakunywaje?"

"Zamani kimoja asubuhi. Siku hizi viwili."

"Nani alikuongezea?"

"Daktari, nadhani," bibi alijibu. "Mkwe wangu ananiletea kimoja, nakunywa. Baada ya muda analeta kingine. Namwambia, mwanangu, nimeshakunywa. Ananijibu, sawa mama, kunywa. Basi nakunywa. Nikasema labda dozi imebadilika, hawajaniambia tu."

Chapchap alidakia. "Dada nesi, mama siku hizi anasahau."

Nesi hakubishana. Alimuuliza bibi leo ni siku gani, jana alikula nini, na nani alifika nyumbani. Bibi alijibu yote. Akaongeza kuwa mteja mmoja, mama mwenye mkoba wa njano, alikuja kufuata mashuka yake, akasimama mlangoni mpaka akachoka, akaondoka.

"Mbona mimi sikumwona?" Chapchap aliuliza.

"Ulimwambia karibu," bibi alisema.

Nesi akamgeukia Chapchap. "Leo asubuhi ulipompa bibi kidonge, alikuwa amekaa au amesimama?"

Chapchap alifungua mdomo. Aliikumbuka simu. Alikumbuka suruali yenye doa la wino. Katika kumbukumbu hizo, bibi hakuwemo popote.

"Sijui."

"Ulimpa na maji au na chai?"

"Sijui." Machozi yalimtoka. "Basi mgonjwa ni mimi. Mimi ndiye ninayepoteza kumbukumbu. Na nusura nimuue mama."

"Wewe pia tutakupima, na nitakuuliza habari za usingizi wako," nesi alisema. "Lakini sikiliza kwanza. Ili usahau jambo, lazima jambo hilo liwe lilikuingia kichwani. Mkono wako ulitoa kidonge, lakini akili ilikuwa kwenye simu. Hakuna kilichoingia. Utakumbuka nini?"

"Lakini mimi naweza kufanya mambo mengi kwa pamoja. Kila mtu anajua."

"Mikono inaweza. Akili inaruka tu, inakwenda huku, inarudi huku. Kila inaporuka inadondosha kitu. Mara funguo, mara pasi. Leo imedondosha kidonge."

Mume aliinamisha kichwa. Alikuwa anafikiria kitasa kipya.

"Sasa niache kazi?" Chapchap aliuliza.

"Usiache. Fanya jambo moja, limalize, ndipo ushike la pili. Unapompa bibi dawa, acha simu mbali. Kaa naye. Mwangalie anavyomeza. Na ukiwa na shaka kama umeshampa, usirudie. Uliza kwanza, au tupigie sisi. Ukinywa chai, kaa chini unywe chai. Ukitulia hivyo na bado unasahau, rudi tukuchunguze zaidi."

Bibi alibaki kliniki mpaka presha ilipokaa sawa. Vipimo vya Chapchap havikuonyesha ugonjwa. Nesi aliona tu kwamba halali vya kutosha.

Kutulia hakukuwa rahisi. Asubuhi ya kwanza Chapchap aliacha simu chumbani, akakaa mezani na kikombe. Hakujua aangalie wapi. Mkono wa kushoto ulikosa kazi, akaukalia.

"Unaumwa?" mume aliuliza.

"Nakunywa chai."

"Naona. Ndiyo maana nauliza."

Aliogopa kwamba nguo zitamshinda. Alimpelekea bibi kidonge, akakaa kitandani, akamtazama akimeza. Bibi naye alimtazama kwa mashaka.

"Kuna habari mbaya?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona umekaa?"

Siku nyingine alijisahau. Alijikuta simu iko begani na pasi iko mkononi, asijue ilifikaje pale. Hapo alichomoa pasi kwenye umeme, akatoka nje kuongea, akarudi. Wateja waliozoea kupata nguo jioni aliwaambia zitakuwa tayari kesho. Mmoja alinuna, akahamia kwa dobi mwingine. Wengine walikubali.

Taratibu akaona jambo ambalo hakulitegemea. Vifungo vilivyolegea aliviona kabla havijakatika. Hakuna shati lililorudishwa, hakuna suruali iliyopigwa pasi mara mbili. Jua lilizama akiwa ameshamaliza, na hakuelewa muda wote ule wa zamani ulikuwa unakwenda wapi.

Mume naye alibadilika. Siku hizi kabla ya kutoka aliingia chumba cha nyuma, akasema shikamoo, akangoja aitikiwe.

Bibi alipopelekwa kupimwa tena, presha ilikuwa nzuri. Nesi alimuuliza anameza vidonge vingapi. "Kimoja," bibi alisema, "na nina shahidi."

Jioni hiyo bibi alikuwa anasimulia jinsi alivyovuka mto uliofurika akiwa na mimba ya mume wa Chapchap. Alisimulia akiangalia dirishani, kama mtu aliyezoea kuongea peke yake. Chapchap alikuwa anakunja mashuka. Aliliweka chini lile la mkononi.

"Mama, ulivuka ukiwa umeshikana na nani?"

Bibi aligeuka.

"Umeniuliza mimi?"

"Nimekuuliza, mama."

Bibi alisogea kitandani, akaacha nafasi pembeni yake.

"Basi kaa," alisema. "Nianze mwanzo."