Usisahau Kufunga

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Cherehani alichungulia dirishani. Alitazama uani, kwenye banda la nailoni. Alitaka kujua kama mkono umerudi.

Ulikuwa umerudi.

Ulionekana kwenye nailoni, juu kidogo ya kimo cha mtu. Kiganja kilikuwa wazi na vidole vimetanuka. Umande mweupe ulikuwa umefunika nailoni yote kama maziwa, lakini palipokuwa na mkono hapakuwa na umande. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi. Kiliishia kwenye kifundo cha kwanza.

Mtu mmoja tu alikuwa na mkono wa namna ile. Naye walimzika miezi miwili iliyopita.

Mume wake alikuwa fundi bomba. Alipostaafu, alikunja mabomba yake ya zamani yakawa matao. Aliyapanga uani, akayavika nailoni.

"Hii ndiyo nguo kubwa kuliko zote ulizowahi kuona," alimtania mkewe. "Na hukuitwa hata kuja kupima."

Ndani ya banda alipanda miche sitini ya nyanya. Juu ya kila mche alining'iniza kamba. Kisha homa ikamwangusha. Asubuhi ya mwisho alimshika mkewe mkono, akasema kwa shida, "Kila siku... usisahau kufunga."

Hakusema neno jingine.

Mama Cherehani hakuwahi kulima hata kitunguu. Lakini wosia ni wosia. Alifunga mlango wa mbele. Alifunga mlango wa nyuma. Ubavuni mwa banda kulikuwa na mapazia ya nailoni ya kukunja juu. Aliona upepo unapenya, akayashona kwa uzi wa magunia. Mshono wake haukupitisha hata sisimizi. Kila siku aliingia mara moja tu, akamwagia miche maji kwa ndoo, akatoka mbio na kufunga.

Alitoka mbio kwa sababu aliogopa.

Ndani ya banda kulikuwa na joto kama pumzi ya mtu. Nyuma yake alisikia tap, tap, tap, kama mtu anayenyata juu ya majani. Akigeuka, haoni mtu. Kamba sitini zilining'inia kama vitanzi. Zilitikisika hata siku ambazo nje hapakuwa na upepo wa kuzima kiberiti. Jua likipanda, nailoni ilivimba taratibu. Wingu likipita, ilinywea.

Banda lilikuwa linapumua.

Na maua yalikuwa yanakufa. Kila siku miche ilichanua maua ya manjano. Kila siku aliyakuta chini, yangali mabichi, kana kwamba kuna mtu ameyachuma. Hata nyanya moja haikutokea.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mchomea vyuma. Siku moja alikuja akasimama mbali na banda, mikono nyuma.

"Shemeji, hapa si bure," alisema. "Kaka hataki vitu vyake viguswe."

"Unamwogopa kaka yako?"

"Mimi? Nimwogope yule? Tulilala kitanda kimoja miaka kumi."

"Basi ingia ndani uangalie."

"Naona vizuri tu kutoka hapa."

Mama Cherehani alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

"Mwisho wa mwezi nakuja na spana," shemeji alisema. "Nalibomoa."

"Usinifanyie hivyo. Ni kazi yake ya mwisho."

"Sawa, shemeji. Lakini imezaa nini?"

Mama Cherehani alihesabu siku. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki tatu tu mbele.

Kesho yake alikuja mteja, bibi shamba wa eneo lile. Alikuwa mwanamke kijana mwenye pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wakulima. Alileta koti la mvua lililokatika zipu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo koti limepigana na nani?"

"Na pikipiki, mama. Pikipiki imeshinda."

Wakati Mama Cherehani anatafuta zipu, mgeni alitazama dirishani.

"Mama, una kitalu kizuri cha nailoni! Mbona kimefungwa hivyo, na jua lote hili?"

Mama Cherehani aliweka mkasi mezani. Kwa miezi miwili hakuwa amemweleza mtu habari yote. Sasa aliieleza, kuanzia nyayo za majanini hadi mkono.

Bibi shamba hakumcheka. "Twende," alisema.

Walipofungua mlango, joto liliwapiga usoni. Bibi shamba alitega sikio. Tap, tap. Tone moja lilimwangukia shingoni, naye akashtuka.

"Umeona?" Mama Cherehani alinong'ona.

"Nimeona. Mama, lile koti langu, ukilivaa juani na kulifunga mpaka shingoni, itakuwaje?"

"Nitalowa jasho."

"Basi banda lako limelowa jasho. Udongo na majani hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hukutana na nailoni ya baridi, hugeuka maji. Maji hudondoka. Hizo ndizo nyayo zako."

"Na kamba zinazotikisika?"

"Hewa ya moto hupanda na kuzisukuma. Hewa hiyohiyo huivimbisha nailoni. Haina pa kutokea."

"Na maua?"

Bibi shamba aliokota ua moja. "Ndani ya ua hili kuna unga laini. Unga ukidondoka mahali pake, ua hugeuka tunda. Humu ndani unyevu ni mwingi, unga unanata kama gundi. Joto nalo limezidi. Ua likichoka kungoja, huanguka."

Mama Cherehani alinyoosha kidole juu.

"Na ule?"

Bibi shamba aliinua shingo, akaukagua mkono.

"Baba alikuwa akishika grisi?"

"Maisha yake yote. Hata sabuni ilikata tamaa."

"Siku ya kuvuta nailoni aliisukuma pale kwa kiganja. Mafuta yakabaki. Penye mafuta, umande haushiki kama kwingine. Kwa hiyo kila asubuhi alama inaonekana. Nailoni ikikauka, inapotea."

"Kwa hiyo ni mkono wake?"

"Ni wake, mama. Aliuacha hapo."

Mama Cherehani alishusha pumzi. Hakujua kama amefarijiwa au amenyang'anywa kitu.

"Lakini nani alikwambia ufunge hivi?" bibi shamba aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Alisema, kila siku usisahau kufunga."

"Kufunga nini?"

"Kufunga tu. Hakumaliza."

Bibi shamba alitazama miche iliyolala chini, majani yake yakigusa tope. Kisha alitazama kamba sitini, kila moja juu ya mche wake. Mama Cherehani alifuata macho yake.

"Nyanya," alisema polepole. "Alitaka nifunge nyanya."

Siku hiyo Mama Cherehani alichukua wembe, akafumua mshono wake mwenyewe. Walikunja mapazia juu, wakafungua milango yote miwili. Hewa ilipita kutoka upande huu hadi upande ule, na banda likanywea kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha bibi shamba akamfundisha kufunga.

"Funga shina kwa kitanzi kilegevu. Ni kama unapima kiuno cha mtu anayenenepa, sawa?"

"Hapo unanifundisha kazi yangu, mwanangu."

"Mche ukirefuka, uzungushie kamba. Machipukizi ya kwapani, kati ya shina na jani, yaondoe. Majani yanayogusa chini yakate. Maji mwagia shinani, asubuhi, usilowanishe majani. Fungua jua likitoka. Jioni, kukiwa na baridi au upepo mkali, ndipo ufunge banda."

"Na ule unga?"

"Saa nne asubuhi, maua yakiwa makavu, gonga kila kamba kwa kidole. Unga utadondoka wenyewe."

Kwa hiyo kila siku, saa nne, Mama Cherehani aliacha cherehani akaenda kugonga kamba. Siku ya kwanza alizigonga kwa woga. Siku ya tano alikuwa akiimba. Vidole vyake vilinukia majani ya nyanya. Akagundua kwamba anapenda harufu ile kuliko harufu ya kitambaa kipya. Alihamishia kigoda chake bandani. Wateja wakija, walimkuta akishona pindo kati ya mistari ya nyanya.

Mwisho wa mwezi shemeji alifika na spana. Alisimama mlangoni.

"Ingia," Mama Cherehani alisema. "Leo hutaona kutoka hapo."

Aliingia kama mtu anayekanyaga mayai. Mama Cherehani aliinua jani moja. Chini yake kulikuwa na nyanya ya kijani, ndogo kama kifungo cha shati. Pembeni yake kulikuwa na nyingine. Na nyingine.

Shemeji aliinama kuzitazama. Kisha akakohoa.

"Bawaba ya mlango huu imelegea," alisema. Akaikaza kwa ile spana, akaenda zake.

Nyanya ziliiva. Beseni la kwanza lililiwa nyumbani. La pili walipewa majirani, hata wale waliokuwa wakivuka barabara kuepuka ua ule. Nailoni sasa ilikuwa kavu kila asubuhi. Mkono haukuonekana tena.

Jioni moja upepo wa baridi ulivuma, naye akafunga pande zote, kama alivyofundishwa. Kulipokucha aliingia. Umande ulikuwa umetanda. Mkono ulikuwa pale, na kile kidole chake kifupi.

Hakukimbia. Alirudi ndani ya nyumba akachukua chupa ya mafuta ya cherehani. Alijipaka kiganjani, akapanda juu ya kigoda, akabandika mkono wake kando ya ule mwingine.

"Nimefunga, baba watoto," alisema. "Zote sitini."

Tap, ikajibu nyuma yake.

Akafungua milango. Jua likaingia, na umande ukaanza kuondoka. Lakini tangu siku hiyo, kila kunapokucha na baridi, mikono miwili huonekana kwenye nailoni. Kisha hewa hupita, nayo mikono hupotea pamoja.