Mgeni wa Kitanda cha Dirishani

Ilianza na hodi, tena mchana kweupe. Severina, muuguzi wa kituo kimoja cha afya kando ya reli pale Itigi, alikuwa ameinamia kishikwambi chake. Akajibu "karibu" bila kuinua kichwa, kama tunavyojibu sote. Hakuingia mtu.

Chini ya kila godoro wodini humo kuna kihisi, kidude bapa kinachosikiliza pumzi na mapigo ya moyo, kisha kinatuma habari kwenye kompyuta za Singida, Dodoma na kwingineko, zinazogawana kazi ya kuhesabu. Tangu hodi ile, kitanda cha dirishani, kitupu kabisa, kikasomeka kina mtu. Severina akampigia Bhavesh, fundi wa mitambo aliyeko Singida Mjini. Bhavesh akasema kompyuta zote, kila moja mahali pake, zinakubaliana: kuna mtu anapumua pale, hebu angalia vizuri. Aangalie nini jamani? Shuka lilikuwa limenyooka, ila lilinuka asali iliyochacha.

Wodi ikajaa. Ndipo akaletwa Esta, mdogo wake Severina, hoi kwa homa ya mapafu. Walibaki wao wawili tu duniani. Kitanda kilichobaki ni kile, akamlaza.

Kishikwambi kikaonyesha mioyo miwili. Wa Esta ulikuwa unafifia, na ule mwingine unapata nguvu. 

Severina akamwita mganga wa kienyeji, bibi Marietha, akamwamkia shikamoo na kumweleza yote. Bibi akanusa shuka.

"Hili ni jini. Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi."

"Basi msindikize wewe. Mwambie twende, mfikishe relini, muage. Usigeuke nyuma, mwanangu."

Severina akasema twende, akatoka, na nyuma yake zikaanza nyayo, nyayo nyepesi za mtu asiye na viatu, zikamfuata uani, zikapita naye kwenye vichaka, zikajikwaa na kusimama na kuanza tena, na katikati ya nyayo hizo kikohozi kikavu alichokifahamu, alichokisikia chumbani mwao tangu utotoni, lakini alikuwa ameambiwa asigeuke, naye hakugeuka, mpaka miguu yake ikagusa kokoto za reli.

"Uende salama," akasema.

Nyuma yake mtu akalia taratibu. Kisha kimya.

Aliporudi, Esta alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu, anaomba uji. Bibi Marietha alishaondoka. Severina akatazama kishikwambi: kitanda cha dirishani, moyo mmoja tu, wenye nguvu. Akampigia Bhavesh. Kompyuta zote zimekubaliana, akasema Bhavesh kwa furaha, hitilafu imekwisha.

"Dada," akasema yule kitandani, na pumzi yake ikanuka asali iliyochacha, "asante kwa kunikaribisha."

Severina akaitikia. Akakoroga uji, akatia sukari, akampa.