Wanafunzi wa Fundi Wanaondoka

Fundi aliweka simu juu ya cherehani, akasonya. Alikuwa akifundisha ushonaji kwa mtandao katika chuo cha ufundi. Wanafunzi thelathini na sita walianza. Kufikia somo la tano walibaki kumi na mmoja. Asubuhi hiyo mkuu wa chuo alikuwa amempigia: "Wasipofika ishirini awamu ya pili, darasa lako tunalifunga."

"Wavivu!" Fundi alimwambia mkewe. "Nimewarekodia video za saa nzima. Hadi uzi unaonekana. Wanataka niwatafunie ndipo wameze?"

Mkewe aliendelea kukata kitambaa. "Muulize mdogo wangu. Naye kaondoka."

"Shemeji? Hata yeye!"

Jioni shemeji, karani wa zahanati, alifika na blauzi, akaitupa mezani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia.

"Nani kashona kituko hiki?"

"Mimi, shem. Nikakutumia picha. Soma ulivyonijibu."

Fundi akavaa miwani, akasoma: "Hongera! Kazi nzuri sana! Nenda somo linalofuata."

"Sikuandika mimi! Huo ni mfumo, unajibu wenyewe."

"Sasa wewe wa nini? Nimeuliza mara tatu, kimya. Na hizo video zako! Kiduara kwenye simu kinazunguka kama pia, video haifunguki, bando linakwisha sijashika hata sindano."

"Lakini masomo ni mazuri."

"Nani kakataa? Zahanati kwetu dawa ni nzuri pia. Lakini mgonjwa akikaa benchi kutwa bila kuulizwa anaumwa nini, kesho haji. Mwanafunzi ni vilevile. Mwonyeshe kosa lake. Mjibu upesi. Somo lifunguke kwenye simu aliyo nayo. Hapo hata umfukuze, haondoki."

Fundi alijitetea, kisha akaomba simu ya shemeji, akajaribu kufungua somo lake mwenyewe.

Kesho yake alizima majibu ya mfumo. Alikata video ziwe za dakika tano tano. Kila siku saa kumi alifunika cherehani, akajibu maswali ya kila mmoja kwa jina. Aliwaandikia hata walioondoka, akawaomba radhi. Hilo alilifuta mara mbili, lakini aliliandika.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha awamu ya pili walikuwa kumi na tisa, kapungua mmoja. Simu ikalia. Shemeji alikuwa ametuma picha ya blauzi mpya.

Fundi aliitazama kwa makini, akaandika: "Mikono sawa. Kola imekwenda upande. Fumua, uanzie katikati ya shingo."

Jibu lilikuja papo hapo: "Unanitesa, shem! Haya, nafumua. Na sasa hivi nimejiandikisha."