Bibi Anakaribisha Bustani Nzima

Semeni alitimiza miaka sita siku ya Jumapili. Hakutaka gauni. Hakutaka mdoli. Alitaka kukaa kwenye nyasi.

Kwao ni ghorofa ya nne. Huko juu hakuna nyasi. Kuna sementi tu, na sementi haina raha.

Basi Mama akabeba keki. Bibi akabeba sambusa na dumu la togwa aliyoipika mwenyewe. Semeni akabeba hamu yake, nayo ilikuwa nzito kuliko vyote. Wakaenda Bustani ya Jiji.

Getini palikuwa na kibao. Mama akakisoma kwa sauti.

"Pikiniki ruksa."

"Haya!" alisema Semeni.

"Pombe marufuku."

"Hatuna," alisema Bibi.

"Kundi la zaidi ya watu kumi lazima liwe na kibali."

Semeni akahesabu. Mama. Bibi. Semeni. Watatu! Wakaingia.

Bibi akatandika kanga yake mpya. Ilikuwa doti nzima, vipande viwili bado vimeshikana. Ndefu hiyo! Semeni akavua viatu. Nyasi zikamtekenya vidole, naye akacheka peke yake.

Wakaanza na sambusa. Kachu, kachu, kachu.

Mara akapita muuza karanga. Sasa mjue jambo moja. Bibi hawezi kula, mtu akapita hivi hivi. Hawezi kabisa.

"Karibu! Karibu chakula!" alisema Bibi.

"Asante, nimeshiba," alisema muuza karanga. Ndivyo watu wanavyojibu, kisha wanakwenda zao.

Lakini si kwa Bibi. "Umeshiba nini na jua lote hili? Kaa!"

Muuza karanga akakaa. Kachu, kachu.

"Bibiii!" alisema Semeni.

Akapita baba mmoja na watoto wake pacha.

"Karibuni! Karibuni chakula!" alisema Bibi.

"Asante, tumetoka kula."

"Watoto hawajatoka kula, nawaona macho yao. Kaeni!"

Wakakaa wote watatu. Kachu, kachu, kachu.

"Bibiii!" alisema Semeni, akajishika kichwa.

Akapita dada mmoja amebeba mtoto mchanga.

"Karibu! Karibu chakula!"

"Asante, nina haraka."

"Haraka ya wapi Jumapili? Nipe huyo mtoto. Kaa!"

Dada akakaa. Mtoto akalala mapajani kwa Bibi, foo, foo, foo. Semeni alitafuta nyasi za kuweka miguu yake. Akapata kidogo sana, pembeni.

Bibi akafungua dumu. Pshiii!

"Prrrii!" ikalia filimbi. Akaja Bwana Mapunda, mlinzi wa bustani. Pua yake ilikuwa imeshafika kabla yake.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Mapunda.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hiyo ni pombe. Hapa pombe marufuku."

"Pombe?" Bibi akaweka mkono kifuani. "Mimi? Na umri huu? Hii ni togwa, uji tu, hailevyi! Onja."

Bwana Mapunda akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaonja. Gu, gu, gu.

"Ni togwa," alisema, akijifuta midomo. "Na ni tamu. Lakini nawaona!"

Akaondoka. Semeni akashusha pumzi. "Mama, tukate keki sasa. Haraka, kabla hajapita mtu."

Wakapita wanafunzi watatu.

Semeni akamtazama Bibi. Bibi akafumba mdomo. Akajikaza. Mashavu yakamvimba, puu. Akajikaza tena. Wapi!

"Karibuni! Karibuni chakula!"

"BIBIII!"

Wanafunzi hawakusema wameshiba. Wanafunzi hawashibi. Walikaa hata kabla ya kuambiwa.

"Prrrii! Prrrii!" Bwana Mapunda amerudi, na safari hii anahesabu kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu, wanne... Akafika kumi. Kidole kikaendelea.

"Kumi na wawili! Kibali kiko wapi?"

"Na huyu mchanga anahesabiwa?" aliuliza Mama. "Hata meno hana."

"Anahesabiwa."

"Basi tupe hicho kibali," alisema Bibi.

"Kibali kinatolewa ofisini. Leo Jumapili. Ofisi imefungwa." Bwana Mapunda akavua kofia, akajifuta jasho. Na yeye alikuwa amechoka. "Samahani, mama. Kusanyeni vitu. Mwondoke."

Kuondoka! Kurudi kwenye sementi!  Keki ilikuwa bado nzima. Hata mshumaa haujawashwa.

"Sisi tutaondoka," alisema muuza karanga. "Tuwaache na sherehe yenu."

"Nani aondoke?" alisema Bibi. "Na sambusa mkononi? Mgeni wangu hafukuzwi."

"Basi mtaondoka wote," alisema Bwana Mapunda.

"Mimi sitaki!" Semeni akasimama. Uso ulikuwa wa moto, machozi yamejaa. "Nimengoja nyasi mwaka mzima! Bibi anakaribisha, wewe unafukuza, na mimi hata sijakaa vizuri! Kundi ni nini, kwani?"

 Mtoto mchanga akafumbua jicho moja.

Bwana Mapunda akakuna kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kundi ni... ni watu waliokaa kwenye mkeka mmoja. Au kanga moja. Ndivyo tunavyohesabu."

"Kanga moja, kundi moja?"

"Ndiyo."

"Na kanga mbili?"

"Makundi mawili. Lakini hapa mna kanga..."

Semeni alikuwa ameshaiinamia. "Simameni! Simameni wote! Bibi, doti yako haijakatwa!"

Bibi akaitazama kanga yake. Mpya. Hata haijapindwa. Akaguna. Kisha akamrudishia dada mtoto wake, akaishika kanga pale katikati, vipande vinaposhikana, akaitia jino.

CHAAAA!

Kanga zikawa mbili.

"Haya, kaeni!" alisema Semeni. "Ninyi huku. Ninyi kule. Sogezeni hiyo. Sogezeni tena!"

Bwana Mapunda akahesabu huku. Sita. Akahesabu kule. Sita. Akahesabu upya, maana hakuamini. Sita na sita.

"Mh!" alisema. 

"Kumbe tuko sita tu hapa?" alisema Bibi, na macho yakaanza kung'aa. "Basi bado wanne! Kar—"

Semeni hakungoja. Alikata keki papo hapo, akamlisha Bibi kipande kikubwa. Mdomo wa Bibi ukajaa. Bustani ikatulia.

Kisha Semeni akamlisha Mama. Akamlisha muuza karanga, na baba wa pacha, na pacha, na dada, na wanafunzi. Ndivyo inavyokuwa: mwenye siku yake anamlisha kila mtu kwa mkono wake.

Kikabaki kipande chake, na kingine kimoja. Bwana Mapunda alikuwa bado amesimama katikati, kwenye nyasi, kati ya kanga na kanga.

"Njoo ukae," alisema Semeni.

"Siruhusiwi kukaa. Niko kazini. Mimi sina kundi."

Semeni akasimama kwa ncha za vidole. Hakufika. Bwana Mapunda akainama, kidogo tu. Akafumba macho, akafungua mdomo. Ham!

"Sasa unalo," alisema Semeni.

Bwana Mapunda akatafuna taratibu. Alitafuna muda mrefu kuliko keki yenyewe. Kisha akaondoka na filimbi yake, kimya kabisa, na makombo kwenye masharubu.

Jua likashuka. Pacha wakacheza kukimbizana. Bibi akasinzia, mdomo wazi, bila kumkaribisha mtu yeyote. Semeni akajilaza kwenye nyasi, mikono huku, miguu kule. Zikamtekenya sikio. Hakuna aliyemwambia ajisogeze, wala aondoke, naye akalala.