Fimbo za Mtu wa Mita Mbili

Roseline Khayesi alikimbia.

Abaya ilimpiga miguuni, mtandio ukamshukia shingoni, na mbele yake Hiace nyeupe ikakata kona ya mwisho ya mtaa wa Manfuha kushika njia ya Jeddah. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na nyuso za wasichana sita. Mmoja wao, Metrine, alimwona. Akampungia mkono kwa furaha kama mtoto anayekwenda ziara ya shule.

Maskini. Hakujua anakopelekwa.

Roseline alisimama katikati ya uchochoro akihema. Riyadh yote ilimjua kama mwalimu wa chekechea. Nairobi, katika ofisi ya Idara ya Ujasusi isiyo na kibao mlangoni, aliitwa Nyota Tatu.

Simu yake ya Samsung ikatetemeka. Alikuwa mkuu wake, Nairobi.

"Nyota Tatu. Sema."

"Wameondoka, Mzee. Wote sita, na mifuko yao."

"Fimbo zimo?"

"Zimo."

"Vizuri. Kesho mchana wanapanda ndege Jeddah. Kapteni wa kikosi cha dawa za kulevya ameshaarifiwa. Atawakamata uwanjani na mzigo."

"Atawakamata wao? Na Elphas?"

"Wakibanwa watamtaja."

"Mzee, hii ni Saudia. Ukikutwa na unga hapa unakatwa kichwa. Atakayeshikwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye mfuko!"

"Hilo ni agizo."

"Mimi ndiye niliyemwambia Metrine abaki mle ndani! Nilimwambia ni kazi ndogo tu!"

Laini ilikuwa imeshakatika.

Elphas Wekhomo hakuwa mgeni kwa Idara. Miaka ile wasichana walipokuwa wakipakiwa kwenda Ghuba ndege nzima nzima, yeye ndiye aliyekuwa akiwapakia. Sasa, mwaka 2018, alikuwa amebuni biashara safi zaidi. Aliwaokota Manfuha wale waliotoroka kwa waajiri, wasio na pasi wala ikama ya ukaazi, akawaambia: ninyi ni wanariadha. Mtakuwa timu ya kwanza ya wanawake Waafrika katika msururu wa mbio ndefu za skii, za kuteleza kwenye theluji, Ulaya. Aliwafundisha kwenye paa la nyumba kwa skii za magurudumu, jua likiwachoma visogo. Akawatafutia pasi mpya na viza za michezo. Akampa kila mmoja mfuko mrefu wenye jina lake, na ndani yake skii na fimbo.

Fimbo za skii zina uwazi ndani. Elphas alizijaza heroini.

Metrine alimwamini kabisa. Alikuwa ametoka kwa madam aliyekuwa akimfungia jikoni kwa kufuli. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna nchi yenye theluji na watu wa kukushangilia, atakuuliza tu safari ni lini. Roseline alimkuta nyumbani kwa Elphas wiki mbili nyuma, akamwomba amtazamie nani anaingia na nani anatoka. Hakumwambia kilichokuwa ndani ya fimbo. Sheria za kazi zilikataza. Na asubuhi hiyo Elphas alikuwa amewanyang'anya wote simu.

Ndege ya kwenda Jeddah haichukui hata saa mbili. Roseline alikaa dirishani, akafungua kitabu cha sheria za msururu kwenye simu. Alikisoma jinsi watu wanavyosoma Biblia nje ya chumba cha upasuaji. Kuteleza kwa mtindo wa kupiga mateke pembeni ni marufuku. Ni kusukuma kwa fimbo tu. Skii hupigwa alama kabla ya kuanza na haziruhusiwi kubadilishwa njiani. Anayechelewa kufika kituo hutolewa mashindanoni.

Hakuna kitu. Hakuna!

Akageuza ukurasa. Fimbo zisizidi asilimia themanini na tatu ya urefu wa mwanariadha akiwa amevaa viatu. Zikizidi zikatwe mbele ya mkaguzi, ama timu isipewe leseni.

Alisoma mara mbili. Kisha akatafuta picha aliyotumiwa na Metrine kutoka kwenye paa. Metrine alikuwa amesimama akicheka, fimbo zikiwa zimesimama kando yake. Zilipaswa kumfika mabegani au kidevuni. Zilikuwa zimepita utosi wake.

Elphas hakuwahi kusoma sheria. Aliagiza fimbo ndefu kuliko zote dukani, kwa sababu fimbo ndefu hubeba unga mwingi.

Protus alimpokea Jeddah na Camry ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini. Kwa macho ya watu alikuwa dereva mpole wa mtaa wa Karantina, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la siri la Ijumaa. Kwa Idara alikuwa masikio ya mji.

"Sister, umekonda."

"Endesha, Protus. Kesho saa nne Elphas anazindua timu yake hotelini, pale karibu na mji mkongwe, Balad. Waandishi watakuwepo, wadhamini watakuwepo. Nataka mambo mawili. La kwanza, mkaguzi wa vifaa wa msururu atafika bila taarifa."

"Mkaguzi gani?"

"Mimi."

Protus aliachia usukani nusura wagonge Hilux. "Na la pili?"

"Umlete kapteni. Avae kanzu ya kawaida, akae mstari wa mbele, wewe ukae kando yake umtafsirie. Mwambie asimguse mtu mpaka asikie mwenye fimbo ni nani."

"Na huyo mwenye fimbo akiwa ni Metrine?"

Roseline alimwonyesha pa kuegesha. Waliingia madukani Balad wakanunua utepe wa kupimia wa Stanley na msumeno mdogo wa chuma.

Kesho yake saa nne ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya AC na harufu ya udi. Wasichana sita walisimama jukwaani kwa suti za buluu, kila mmoja ameshika fimbo zake. Mlangoni walisimama vijana wawili wa Elphas. Kila mmoja alikuwa na bastola ya Beretta chini ya koti. Elphas mwenyewe, mfupi, mnene, suti ya kung'aa, alikuwa akihutubia kwa Kiarabu alichookota kwa miaka ya biashara yake chafu.

Roseline alipanda jukwaani na kitambulisho alichokichapisha asubuhi.

"Samahani, Kocha. Ukaguzi wa vifaa."

Elphas aliganda. Kisha akatazama kamera, akatabasamu. "Karibu, madam, karibu! Timu yangu ni clean. Kagua tu."

Metrine alimwona. Mdomo ukafunguka kutaka kusema "Dada Rose". Roseline alimkazia macho mpaka mdomo ukafunga.

Akampima. Sentimita mia moja na sitini na viatu vyake. Akapima fimbo. Mia moja na sitini na tano.

"Mwanariadha, fimbo hizi ni za nani?"

Alijua kuwa hilo ndilo swali la hatari. Lakini mkaguzi wa kweli lazima angeliuliza, na Elphas alikuwa akimtazama usoni.

Metrine alinyoosha mgongo. Alikuwa amefundishwa jibu lake.

"Ni zangu."

Mstari wa mbele kapteni aliinama kwa Protus.

"Anasemaje huyo binti?"

Protus alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu wa TB. "Bado wanapimana, bwana kapteni. Subiri kidogo."

Roseline aligeukia ukumbi na kipaza sauti. Alisema kwa Kiarabu, polepole.

"Fimbo hii ni ya mtu wa mita mbili. Timu hii haina mtu wa mita mbili. Sheria inasema zikatwe hapa hapa, au timu haisafiri."

Akaichukua fimbo mikononi mwa Metrine. Akailaza mezani. Akatoa msumeno.

"Madam, ngoja kidogo," alisema Elphas. Tabasamu lilikuwa limeanza kumteremka. "Tutakata baadaye. Kwa workshop."

"Mbele ya mkaguzi, Kocha. Ndivyo ilivyoandikwa."

Meno ya msumeno yakagusa fimbo. Kraa.

"Nimesema ngoja!"

Kraa. Vumbi jeusi la rangi likadondoka mezani. Bado kidogo tu lije vumbi jeupe.

"Msichana amesema ni zake," alisema Roseline kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa. "Ameniruhusu. Wewe inakuhusu nini?"

Elphas alimrukia, akaikumbatia fimbo kwa mikono miwili. Na kwa sababu waliokuwa wakitazama walikuwa Waarabu, wadhamini na wanahabari, alipiga kelele kwa lugha yao.

"Ni zangu! Zote ni zangu! Mimi nimezinunua, mimi nimezifunga, hakuna aliyewahi kuzifungua! Huyu hajui kitu, ni mjakazi tu!"

"Na majina kwenye mifuko?" aliuliza Roseline, naye kwa Kiarabu.

"Niliyaandika mimi! Asiguse mtu!"

Kamera zote zikamgeukia.

Mstari wa mbele kapteni akasimama, akavuta redio kutoka ndani ya kanzu.

"Nimemsikia mwenyewe," alimwambia Protus. "Hilo halihitaji tafsiri."

Elphas alielewa. Akageuka na fimbo kifuani, akaruka kutoka jukwaani kuelekea mlangoni. Kijana wa kwanza alipeleka mkono kwenye Beretta. Protus akamvurumishia kiti usoni. Wa pili aliona askari wakiingia, akainua mikono juu mwenyewe. Roseline alinyakua fimbo nyingine, akairusha chini kwa chini. Ikaingia katikati ya miguu ya Elphas.

Alianguka kwa tumbo. Fimbo aliyoikumbatia ikapasuka pale ilipokatwa, na unga ukamwagika juu ya suti yake ya kung'aa.

"Halas, basi," alisema kapteni, akamtia pingu.

Wasichana walikuwa wakilia sasa. Kapteni aliwatazama, akamtazama Roseline. Watarudishwa kwao, alisema. Ni mashahidi, si zaidi ya hapo.

Metrine alikuwa amekaa jukwaani, mikono mitupu mapajani.

"Dada Rose. Kwa hivyo hakuna theluji?"

"Hakuna, Metrine. Unaenda nyumbani Webuye."

"Ningekufa?"

"Ndiyo." Aliona hakuna haja ya kumdanganya tena. "Mbona ulisema ni zako? Niliogopa sana."

Metrine alijipangusa pua. "Alitufundisha tuseme hivyo. Lakini hata asingetufundisha ningesema. Tangu nifike Saudia, ule mfuko ndio kitu cha kwanza nilichopewa chenye jina langu."

Mezani, kando ya msumeno, zilikuwapo fulana za namba ambazo timu ilikuwa ivae mbele ya kamera. Roseline alizipekua mpaka akaipata yenye METRINE kwa herufi kubwa. Akaikung'uta, akaikunja, akamwekea mapajani.

"Hii haina kitu ndani," alisema. "Hii ni yako."

Simu ikatetemeka. "Nyota Tatu! Nani alikuruhusu kuvunja agizo?"

"Kitabu cha sheria, Mzee. Kifungu cha fimbo."

Akakata. Akatupia utepe wa Stanley mkobani, akajifunga mtandio sawasawa, akatoka kwenye jua kali la Jeddah. Protus alikuwa ameshawasha Camry.

"Wapi sister?"

"Popote penye chai," alisema Roseline. "Yalla."